Uhakiki wa Michoro ya Nyenzo katika Ufundishaji wa Fizikia ya Awali: Kibaha na Kisarawe

Uhakiki huu unautazama mchoro wa toroli, mfano uliozoeleka wa wenzo wa daraja la pili, kama matini inayopaswa kusomwa na si pambo la ukurasa. Unaongozwa na Semiotiki ya Charles Sanders Peirce, ambayo, miongoni mwa aina za ishara, hutofautisha ikoni, inayofanana na kitu inachokiwakilisha, na alama, ambayo maana yake hutokana na makubaliano ya watumiaji.

Toroli si geni kwa mtoto wa Kibaha au Kisarawe, mkoani Pwani; huona likibebea madumu ya maji na mchanga wa ujenzi. Kama ikoni, basi, mchoro umefaulu. Ugumu umo katika mishale. Mmoja huelekea chini kuonesha mzigo, wa pili huelekea juu penye mikono kuonesha jitihada, na wa tatu huelekeza tu jina la egemeo kwenye ekseli ya gurudumu. Umbo ni lilelile, kazi ni tatu. Aidha, mtoto aliyewahi kusukuma toroli anajua kwamba nguvu zake huenda mbele. Mshale wa juu unampinga, kwa kuwa mchoro unaeleza kuinua na kunyamazia kusukuma. Mchoro hausemi uongo. Unasema nusu bila kutaja kwamba ni nusu.

Suala jingine ni uwiano. Mzigo wa nyutoni 200 ulio sentimeta 60 kutoka kwenye egemeo huinuliwa kwa nyutoni 100 endapo mikono iko sentimeta 120. Mishale hiyo miwili ikichorwa kwa urefu sawa, faida ya wenzo haionekani.

Inaweza kudaiwa kuwa mwalimu atafafanua kwa maneno. Hoja hiyo ina uzito katika shule ya msingi ya serikali, ambako hufundishwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, katika kidato cha kwanza lugha huwa Kiingereza; egemeo na jitihada hupata majina mapya, ilhali mchoro hubaki uleule. Mwanafunzi aliyefundishwa kuusoma huvuka na maarifa yake. Aliyekariri maneno pekee huanza upya.

Kwa hiyo, kabla ya kudai michoro mingi zaidi, inafaa iliyopo irekebishwe: kila aina ya mshale iwe na kazi moja, urefu wake ufuate ukubwa wa kani, na mtoto achore toroli la mtaani kwao kabla ya kuoneshwa la kitabuni.