Kabla Hatujawaita Walengwa

Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamili, neno "walengwa" lilijirudia karibu kila ukurasa. Sikuona ubaya wake hadi nilipotazama Holding Ground: The Rebirth of Dudley Street, filamu ya mwaka 1996 ya Leah Mahan na Mark Lipman kuhusu mtaa wa watu wa kipato cha chini katika eneo la Roxbury, Boston, nchini Marekani.

Mtaa huo ulikuwa umetelekezwa. Benki zilinyima watu mikopo, nyumba ziliteketezwa, na viwanja vipatavyo 1,300 vilibaki vitupu, watu wa mbali wakaja kumwaga taka humo. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja taasisi ya ufadhili na nia njema. Ikaitisha mkutano, ikaeleza jinsi bodi ya mradi itakavyokuwa. Wakazi wakauliza: kati yenu, nani anaishi hapa? Viti vyao vilikuwa vichache mno. Wakakataa. Bodi ikapangwa upya, wakazi wakawa ndio wengi, na Weusi, watu wa asili ya Cape Verde, Walatino na Weupe wakatengewa viti sawa.

Kwangu, uzito wa filamu uko hapo. Wakazi wanaieleza historia yao wenyewe, na ugomvi wa kwanza ni juu ya nani anakaa mezani. Nyumba zinakuja baadaye. Mwaka 1988 jumuiya yao, Dudley Street Neighborhood Initiative, ilipewa mamlaka ya kutwaa viwanja vitupu vya watu binafsi katika sehemu ya mtaa wao. Sisi ambao tukisikia "kutwaa ardhi" tunaona alama ya X nyekundu ukutani, hapo inabidi turudishe nyuma na kusikiliza tena.

Lawama yangu ni moja. Maandamano na mikutano hupendeza kwenye kamera, mkataba haupendezi. Lakini kinachowalinda watu wa Dudley ni mkataba: ardhi inabaki mikononi mwa chombo cha jamii, mwenye nyumba anaikodi kwa miaka 99, na akiuza nyumba, bei ina kikomo ili mwenye kipato kidogo naye aimudu. Bila hilo, taka zikiondoka kodi hupanda, na aliyefagia mtaa ndiye anayehama. Ningetamani filamu itulie zaidi kwenye karatasi hizo.

Niliporudi kwenye rasimu, nilifuta "walengwa" nikaandika "wakazi." Ilinichukua dakika tano. Kisha nikafungua dodoso langu: maswali 42, yote nimeyatunga maktabani, hakuna hata moja lililopendekezwa na mtu anayeishi kule. Hilo halifutiki kwa dakika tano. Jumamosi narudi mtaani na daftari tupu.