Sauti si Kila Kisikikacho

Katika insha nyingi za wanafunzi wetu, jogoo ana sauti, radi ina sauti, mlango una sauti, na hata majani makavu yakikanyagwa hutoa sauti. Sarufi haikuvunjwa, basi mwalimu hutia alama ya vyema akapita. Hapo ndipo ufundishaji wetu unapopungukiwa.

Kwanza tulipe neno haki yake. Sauti limetoka katika Kiarabu, na leo ni Kiswahili kamili. Maana yake iliyo karibu zaidi ni ile itokayo kooni mwa mtu: twapaza sauti, twaishusha, na mwimbaji akishikwa na mafua sauti humkauka. Ipo maana ya kitaalamu: katika fizikia sauti ni mawimbi yapitayo hewani, na katika isimu ni kipande cha matamshi; ndiyo maana sh ni herufi mbili lakini sauti moja. Tena ipo maana ya uwezo: asiye na sauti nyumbani mwake si bubu, bali neno lake halifuatwi.

Nje ya mipaka hiyo, lugha ina hazina nyingine. Jogoo huwika, mbwa hubweka, simba hunguruma. Upepo una mvumo, radi ina ngurumo, kengele ina mlio, majani makavu yana mchakacho. Kizito kiangukapo hufanya kishindo. Tazama tena jinsi majina hayo yalivyo jamaa ya vitenzi: lia na mlio, vuma na mvumo, nguruma na ngurumo. Amfundishaye mwanafunzi jina moja kwa njia hii humpa na kitenzi chake.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapambo tu. Sivyo. Mtu akisema, "Usiku nilisikia sauti nje," hatujui kama alisikia mnong'ono, kishindo au yowe. Tofauti hiyo si ndogo: asikiaye mnong'ono hutega sikio, asikiaye yowe hutoka kwenda kusaidia.

Sisi tufundishao Uganda, Rwanda na Burundi tuna sababu zaidi ya kuwa macho. Mganda huja darasani na neno lake eddoboozi, Mnyarwanda na Mrundi huja na ijwi. Kila mmoja hulioanisha neno lake na sauti, akaridhika, na vitabu vingi vya mazoezi humwacha papo hapo. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hilo lavumilika; kwa anayejiandaa kwa mtihani wa fasihi ni umaskini.

Shauri langu ni jepesi. Kila neno sauti litokeapo katika insha, mwalimu aandike pembeni: "Ya nini?" Likiwapo neno mahususi, mwanafunzi alitafute mwenyewe na kuisahihisha sentensi yake. Lisipokuwapo, sauti ibaki mahali pake, kwa kuwa hapo imestahili.