Mwana-kondoo wa Nathani na Binti wa Ukerewe

Wapo wazazi kati yetu, kuanzia Tandale hadi Mbagala, wanaowakataza watoto wao kusoma riwaya. Wanasema riwaya ni mambo ya kubuni, na Mkristo hapaswi kushiriki uongo. Hofu yao si ya kudharauliwa, lakini Maandiko yenyewe yanatenganisha uongo na ubunifu. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi (2 Samweli 12), hakuanza na karipio. Alimsimulia habari za maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake wa pekee na tajiri. Mwana-kondoo yule hakuwahi kuwapo, ila Daudi alighadhibika, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Mwongo hubuni ili kosa lifichike. Nathani alibuni ili kosa lifichuke.

Kwa kipimo hicho tuisome *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Jina lake ni sifa ya Bikira Maria katika litania. Rosa, binti wa Ukerewe, analelewa na baba mlevi, Zakaria, anayemlinda kwa kipigo. Barua moja ya mvulana inatosha kumletea adhabu kali, wala hakuna anayeketi naye kumweleza habari za wanaume. Anapokwenda chuoni, mbali na fimbo ya baba, hana cha kumlinda. Anaharibikiwa, na mwishowe anajiua.

Waliosema kitabu hiki kinafundisha uasherati walihesabu dhambi za Rosa, wakaisahau fimbo ya Zakaria. Mwandishi hakuisahau: mwishoni anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu. Hapo nasi tunakuwa Daudi. Tunamkasirikia Zakaria, kisha tunakumbuka jinsi tunavyowalea mabinti wetu wenyewe.

Riwaya hii ina upungufu wake: Rosa hapewi njia ya kurudi. Hakuna anayemkimbilia kama baba wa mwana mpotevu, ambaye naye ni mtu wa hadithi, aliyesimuliwa na Bwana wetu. Lakini kabla ya kumlaumu mwandishi, tujiulize kama binti wa namna hiyo angepokewa katika jumuiya zetu.

Basi tusiwanyang'anye vijana wetu waliokomaa kitabu hiki. Tukisome pamoja nao, tuzungumze nao yale ambayo Zakaria hakuyazungumza na Rosa.