Ulimi wa Wavuvi wa Minamata

Adhabu ya kaburi aijua maiti, walisema wahenga. Lakini maiti hasemi. Hapo ndipo penye utata wa Kugai Jodo, kitabu cha Ishimure Michiko kilichochapishwa Japani mwaka wa 1969. Jina lake limeunganisha bahari ya mateso na pepo safi ya imani ya Kibuddha. Habari zake ni za mji wa Minamata, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki tangu mwaka wa 1932 hata 1968. Samaki na chaza waliibeba sumu hiyo. Paka waliowala wakashikwa na wazimu. Kisha ikawa zamu ya wavuvi na watoto wao. Ugonjwa huo, uliojulikana rasmi mwaka wa 1956, ulitetemesha viungo, ukafifisha macho, ukafunga ndimi.

Wasomaji wengi walikidhani kitabu hiki kuwa mkusanyo wa maneno yaliyotoka vinywani mwa wagonjwa. Watanabe Kyoji, mhariri wa mwandishi huyo, alieleza katika toleo la mwaka wa 1972 kwamba sivyo: mengi ya mazungumzo yale Ishimure aliyatunga mwenyewe, akiandika aliyoyaona yamo mioyoni mwao. Basi mhakiki mkali aweza kuuliza kama huu si udanganyifu, kwani amtiaye shahidi maneno kinywani huidhoofisha kesi yake.

Shaka hii ina haki, lakini yafaa ipimwe. Ushahidi wa wataalamu haukukosekana. Mwaka wa 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto waliitaja zebaki. Mwaka huohuo daktari wa kiwanda, Hosokawa Hajime, alimwona paka aliyelishwa maji machafu ya kiwanda akiugua ugonjwa uleule, na jambo hilo likafichwa. Serikali haikukiri chanzo hadi mwaka wa 1968. Miaka 9 ukweli ulikuwapo, wala haukumgusa mwenye amri. Kilichopungua si habari, bali lugha ambayo ndani yake mvuvi ni mtu, na bahari ni shamba lake, si jaa.

Lugha hiyo Ishimure aliipata katika lahaja ya pwani yake. Taarifa za madaktari na za ofisi aliziacha na ukavu wake, akaziweka kando ya usemi wa wavuvi, ili msomaji asikie pande mbili na kuhukumu. Hukumu ya sheria ilitolewa na mahakama mwaka wa 1973, kwa ushahidi wa sheria. Kitabu hakikudai kazi hiyo. Kilidai kwamba walioumizwa wajulikane.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kuitazama kazi hii. Pwani yake nayo ina lahaja nyingi, na ndani yake mna majina ya mikondo, miamba na samaki ambayo hayamo katika taarifa za ofisi. Majina hayo yakifa kabla ya bahari, atakayesimama kuitetea atakosa neno la kusema.