Niru Juu ya Taulo

Umbo la chungu cha maua cha nguo halina siri tena. Unachovya taulo kuukuu kwenye uji wa saruji, unalitandaza juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufunikwa nailoni, mikunjo inashuka yenyewe, na kesho yake una chombo kinachosimama. Kazi iko kwenye ngozi ya nje, na hapa Nzuguni, Dodoma, ngozi hiyo ina adui mmoja mkubwa: upepo.

Nilianza Juni, nikilenga maonyesho ya Nanenane, maana viwanja viko hapa hapa kwetu na wanunuzi wa miche huja wenyewe. Mvua za Dodoma zinakuwa zimeshakatika tangu Aprili, hewa ni kavu na upepo hauna mapumziko. Nilitumia mataulo ya pamba ya mitumba, kwa sababu vile vitanzi vya nyuzi hukamata saruji. Kitambaa cha poliesta huitema. Kipimo kilikuwa saruji kilo 2 kwa maji lita 1, na glovu mkononi, kwani saruji mbichi huunguza ngozi.

Chungu cha kwanza nilikiacha uani kikauke. Nilikosea hapo hapo. Saruji haikauki kama udongo wa mfinyanzi. Inashikana kwa kuyanywa maji iliyochanganywa nayo, na maji yakitoroka kabla haijamaliza, sehemu yake inabaki unga. Siku ya tatu nilipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chungu, kikarudi cha kijivu. Juu ya kila mkunjo palikuwa na nyufa nyembamba kama uzi. Sakafu hupoteza maji kwa upande wa juu tu, lakini ukuta wa chungu hiki ni wa milimita chache na unapigwa na upepo ndani na nje.

Mafundi ujenzi wanalijua hili, ndiyo maana huimwagia zege maji asubuhi na jioni kwa siku 7 na zaidi. Chungu cha pili nilikivika gunia lililolowa, nikakizungushia nailoni, nikakiweka kivulini siku 7. Kilipotoka, ukikigonga kwa ukucha kilitoa sauti kali ya kigae.

Ndipo nikapiga niru, ile ngozi ya nje. Saruji tupu nikaichekecha kwa kipande cha chandarua, nikaikoroga iwe rojo laini, nikaloweka chungu kwanza ili kisiinyonye niru maji yake, kisha nikapaka kwa brashi. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene. Ule mnene husinyaa na kubanduka kama ganda. Baada ya saa moja hivi, niru ikiwa imekaza lakini bado ina ubaridi wa maji, nilisugua kwa mgongo wa kijiko cha chuma, mkunjo kwa mkunjo. Rangi inabadilika chini ya kijiko: kijivu kilichofifia kinakuwa cheusi kidogo na kuanza kung'aa, kama sakafu za nyumba za zamani. Sijaona vanishi inayofikia uzuri huo.

Rangi ya mafuta ilinishinda. Saruji changa ina ukali wa magadi, na magadi yakikutana na mafuta hutengeneza sabuni. Rangi niliyoipaka kwenye chungu cha siku 10 ilibaki na utelezi, kisha ikavimba. Sasa napima kwanza kwa manjano ya jikoni: natia unga kidogo kwenye maji, nadondosha tone. Kwenye chungu hicho tone liligeuka damu ya mzee papo hapo. Kwenye cha wiki 6 lilibaki njano. Likibaki njano, uso umetulia.

Mafuta ya alizeti, ambayo kanda hii ina ya kutosha, nilitamani sana yafanye kazi. Hayakufaa. Mafuta ya kitani hukauka kabisa na kuwa utando. Ya alizeti hukauka nusu tu, yakabaki yananata, na vumbi jekundu la Dodoma likajiandika juu yake kwa siku mbili. Nta ya nyuki ni bora zaidi: huyeyuka karibu nyuzi joto 63, kwa hiyo jua letu haliiondoi, na chungu kilichopashwa moto juani huipokea vizuri kwa kitambaa.

Lakini kilicho bora kuliko vyote ni rangi nyekundu ya unga, ile ya sakafu, ikiwekwa ndani ya niru yenyewe, gramu 50 kwa kilo 1 ya saruji. Rangi hiyo ni kutu ya chuma, ukali wa saruji hauigusi, na kwa kuwa haikupakwa juu, haina cha kubanduka. Nikaisugua kwa kijiko, nikamalizia na nta.

Chungu hicho chekundu kiko mlangoni pangu, kina mshubiri. Kuzunguka kitako, maji yanapojitokeza baada ya kumwagilia, imeanza kuonekana pete nyeupe: chokaa ya saruji inayotoka na maji na kukutana na hewa, pamoja na chumvi ya maji yetu ya visima. Naipangusa kwa brashi kavu. Siki ingeitoa haraka, ila ingekula na niru. Chungu kinachofuata nitakipiga niru mikono mitatu kwa ndani kabla ya kutia udongo.