Heko, mafundi wa trekta kuukuu

Marekani, wenye trekta za zamani hushindana kuvuta sleji iliyopakiwa matofali mazito ya saruji. Anayeifikisha mbali zaidi ndiye bingwa. Kwetu Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, uvutaji huo ni kazi: tela la magunia ya korosho, mchanga hadi nusu ya tairi, na ghala liko mbali.

Historia yetu na mitambo hii ni nzito. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulifika Nachingwea, jirani wa Masasi. Katika mpango huo vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita viligeuzwa kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Fedha nyingi mno, karanga kidogo.

Badala ya mpango huo, mimi nawasifu wanaoifanya trekta kuukuu ivute leo. Fundi mzuri anajua ndoano ya tela ikae chini, maana ikipanda juu trekta huinua pua na inaweza kumpindukia dereva. Hujaza maji katika tairi za nyuma ili zishike ardhi. Dereva naye huachia klachi polepole, kwani tairi ikizunguka bure inajichimbia shimo. Huo ni ujuzi kamili, na nauheshimu kama wa mhandisi yeyote.

Viongozi wa vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU, wapeni mafundi hawa vijana wa kuwafundisha, tena kwa posho, kabla ya msimu ujao wa korosho.