Mnyonya Damu Anapopiga Hodi

Msomaji wa riwaya za mapenzi ya wanyonya damu huchekwa na watu wa aina mbili. Mwalimu wa fasihi humwambia anapoteza muda, na mchungaji humwambia anayafungulia mapepo mlango. Wote wawili aghalabu hawajazisoma. Mimi nimezisoma, nyingine kwa kuzirudia, tena hapa Dirma, katika nchi hii ya Hanang na Mbulu ambako giza likiingia ni giza kweli, na fisi hulia karibu kuliko mtu angependa. Nataka kumtetea fundi anayeziandika. Kazi yake ni kuchukua kitu kilichowatisha watu tangu zamani, akifanye kitamanike, na asikipunguzie utisho wake hata chembe. Ajaribu yeyote anayedhani ni rahisi.

Malighafi yake tunayo wenyewe. Ni nani hajasimuliwa hadithi ya binti aliyekataa wachumba wote wa kijijini? Huyu mfupi, yule maskini, yule ana makovu. Mwisho akaja kijana mgeni, mtanashati, hana doa wala ndugu, na binti akakubali siku hiyohiyo. Kumbe ni zimwi. Kwingine ni simba, kwingine fisi aliyejigeuza. Binti anachukuliwa mbali, na ni mdogo wake aliyewafuata kwa siri ndiye anayeuona mkia. Hadithi ni tamu, lakini tusidanganyane: ilitungwa na wazee kwa faida ya wazee. Inasema, mwanangu, chukua huyo tuliyekuchagulia.

Riwaya ya mnyonya damu inamchukua binti yuleyule na mgeni yuleyule, kisha inampa binti nafasi ya kusimulia. Hapo kila kitu kinageuka. Sheridan Le Fanu wa Ireland alilifanya hilo mapema, mwaka 1872, katika Carmilla, ambamo msichana mpweke anatusimulia mwenyewe jinsi alivyopendwa na mgeni wa kike aliyekuja kumnyonya, na jinsi alivyochukizwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Mwaka 1976 Anne Rice akavuka mpaka mwingine kwa kumkalisha mnyonya damu mbele ya kinasa sauti ajieleze usiku kucha. Na mwaka 2005 Stephenie Meyer, kwa Twilight, akairudisha sauti kwa binti, wa miaka 17, na vitabu vya mfululizo huo vikauzwa nakala zaidi ya milioni 100. Hakuna mdogo mtu anayefuata nyuma kuangalia mkia. Binti ameshauona mkia, na amebaki.

Huyu mgeni mtanashati wa Kizungu, kwa njia fulani, ni mtoto wa volkano. Aprili 1815 mlima Tambora huko Indonesia ulilipuka, jua likafifishwa, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Sisi tunaouona Mlima Hanang kila asubuhi na kunywesha mifugo Basotu, ziwa lililokaa ndani ya shimo la mlipuko, hatushangai kwamba mlima unaweza kuvuruga mambo ya watu wa mbali. Waingereza wachache waliojifungia kwa mvua karibu na Ziwa Geneva wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Mary Shelley akaanza Frankenstein. John Polidori, daktari wa mshairi Byron, akaokota kipande alichokiacha bwana wake, akakifanya hadithi iliyotoka mwaka 1819. Kabla yake, mnyonya damu wa vijiji vya Ulaya alikuwa maiti ya mkulima iliyovimba kaburini. Polidori alimvika suti akampeleka sebuleni kwa watu wakubwa. Dracula wa Bram Stoker, wa mwaka 1897, alipita mlango huohuo.

Sisi mnyonya damu wetu ni mumiani, na tumemwogopa kwelikweli. Mombasa mwaka 1947 watu walikivamia kituo cha zimamoto kwa uvumi kwamba wazimamoto wananyonya watu damu. Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959, uvumi wa namna hiyo uliishia kwa polisi kuuawa. Magari mekundu, mipira mirefu, watu wa sare wanaokaa kutwa wakisubiri moto usioonekana: mtu aliyetawaliwa na wakoloni hakukosa sababu ya kujiuliza wanafanya kazi gani. Lakini katika uvumi wote huo sijawahi kusikia mumiani aliyependa. Nimeliwaza sana jambo hili, na nadhani sababu ni kwamba mumiani hana kiu. Anachukua damu kwa ajili ya mtu mwingine, ikauzwe, ikafanywe dawa. Ni mwajiriwa. Mwenye kiu anaweza kujizuia, na katika kujizuia kwake mwandishi akapata riwaya. Mwajiriwa hana cha kuzuia, anatimiza kazi aliyotumwa.

Jini mahaba yuko karibu zaidi. Huyo anapenda, tena kupita kiasi, na filamu zetu zimemtumia vizuri. Mussa Banzi alitengeneza Shumileta juu ya jini wa kike na mwanamume binadamu. Ila jini mahaba wa kawaida, yule anayeombewa makanisani na kusomewa dua, haulizi. Anaingia usingizini, anafukuza wachumba, anaharibu ndoa. Ana wivu bila adabu.

Nami naona uzuri wote wa riwaya hizi umelala kwenye adabu. Stoker aliweka sharti kwamba Dracula haingii nyumbani kwa mtu mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenye nyumba amkaribishe. Kwa msomaji wa London hilo ni sharti la kishirikina. Kwetu ni maisha ya kila siku. Mtu hufika uani, husimama mbali kidogo na mlango, hupiga hodi. Asipojibiwa hurudia. Hodi ya tatu ikikosa jibu anaondoka, hata kama anasikia watu wakinong'ona ndani. Sasa mweke pale mlangoni kiumbe anayeweza kuung'oa mlango kwa kidole, na bado amesimama kwenye baridi ya Julai akingoja neno moja. Binti yuko ndani, taa ya sola imeanza kufifia, na neno liko mdomoni mwake. Hakuna panga wala damu hapo, lakini msomaji hawezi kufunga kitabu. Anayeweza kunyang'anya anaomba. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na nadhani walilisema kwa kujifariji; mwandishi wa riwaya hii analisema kwa kutamani.

Kwa hiyo ufundi mkubwa ni kipimo. Wabarbaig, majirani zetu, wanaujua kwa mikono. Ng'ombe hukazwa kamba shingoni mpaka mshipa utune. Mpigaji husogea karibu na mshale mfupi uliowekewa kizuizi nyuma ya ncha, usije ukazama kupita unapotakiwa. Damu hukingwa kwenye kibuyu, kamba hulegezwa, jeraha huzibwa, na ng'ombe hurudi malishoni. Ni mkono wa namna hiyo ninaoutafuta kwa mwandishi. Akichoma kidogo mno, tunapata kijana mpole mwenye ngozi baridi na hakuna hofu. Akizidisha, binti amekufa ukurasa wa 40, na tumebaki na hadithi ya mauaji.

Meyer hutukanwa kwa sentensi zake, na baadhi zinastahili. Lakini kitabu chake cha pili, New Moon, cha mwaka 2006, kina kurasa ambazo ningemsomea mwanafunzi yeyote wa uandishi. Binti anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa nyumbani kwa wanyonya damu waliokwisha kujifunza kuishi bila kunywa damu ya watu. Anafungua zawadi, karatasi inamkata kidole. Tone moja tu. Ndugu mmoja wa nyumba ile, aliyekuwa akicheka naye muda mfupi uliopita, anamrukia. Mpenzi wake analiona hilo, na kwa kumpenda anaamua kuondoka. Kisha inakuja sehemu ninayoipenda: kurasa tupu zilizoandikwa jina la mwezi peke yake, Oktoba, kisha Novemba, kisha Desemba, kisha Januari. Hakuna kilio wala maelezo. Msomaji aliyewahi kuachwa anajua kwamba miezi ile haikuwa na maneno. Ni ujasiri wa kifundi, na umefanywa na mwandishi ambaye wakosoaji walimwona mama wa nyumbani aliyebahatika.

Kuna jambo moja linanikera. Mpenzi huyu wa Twilight amezaliwa mwaka 1901. Uso wake ni wa kijana, lakini hesabu ni hesabu: mzee wa miaka zaidi ya 100 anamfuata msichana wa sekondari. Katika nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na ikabidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu kuipinga, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo mwaka 2019, hatuwezi kulipita hilo kama pambo la hadithi. Wasichana wengi wanaosoma hadithi hizi vijijini wamewahi kumwona mzee halisi akija na ng'ombe. Ila nikiwasikiliza, naona tofauti wanaijua vizuri kuliko wanaowaonya. Mzee wa ng'ombe hakumpigia hodi binti. Alimpigia baba yake. Katika riwaya inayolishika sharti la hodi, hata awe wa karne ngapi, yule anayengoja mlangoni anangoja jibu la msichana mwenyewe, na akiambiwa hapana, sharti lake la kale linamzuia. Pengine hicho ndicho wanachokisoma, na meno ni kisingizio.

Siku hizi hadithi za namna hii zinatufikia kwa simu, kwa vipande. Sehemu za mwanzo zinatumwa bure kwenye kundi la WhatsApp, na ukishanaswa unaambiwa utume hela upate zilizobaki. Wengi wanalalamika kwamba huo ni utapeli wa kisasa. Si wa kisasa hata kidogo: Varney, mnyonya damu wa London wa miaka ya 1845 hadi 1847, aliuzwa kwa vijarida vya peni moja wiki baada ya wiki, na magazeti yetu ya udaku yaliishi miaka mingi kwa neno “itaendelea”. Mtindo huo unamfaa kiumbe asiyekufa. Kasoro ni kwamba mwandishi anayelipwa kwa kipande hushawishika kumwaga damu kila mwisho wa kipande, na kizuizi cha mshale kikishavunjika hakirudishwi. Nyingi ninazosoma kwenye simu zimekufa kwa ugonjwa huo kufikia sehemu ya tisa.

Ningependa kuisoma moja iliyoandikwa kutoka huku. Mwandishi wake atapata taabu ambazo Meyer hakuzipata. Meyer aliuchagua mji wa Forks, katika jimbo la Washington, kwa sababu mvua na mawingu yake yanamficha kiumbe anayekimbia jua. Hapa jua la Oktoba halimfichi mtu, kwa hiyo shujaa atalazimika kutoka kwenye ukungu wa Juni au asubiri usiku, na usiku kila boma lina mbwa. Akivuka mbwa, kuna bibi asiyelala. Na akikubaliwa na binti, bado ipo posa. Atahitaji mshenga aliye hai. Wazee watamuuliza ukoo wake na nani anamfahamu, wakati wote waliomfahamu wamekufa miaka 200 iliyopita. Ng'ombe wa mahari anao wa kutosha, kwa kuwa muda wa kuwakusanya alikuwa nao, lakini wakimnusa wanavunja zizi, na hakuna mzee wa huku atakayekubali kuhesabu mahari inayokimbia.